Walitaja bei ya sindano kabla ya kumgusa mbwa wangu

"Uzee hauna dawa, mama."

Ndivyo nilivyoambiwa na daktari wa mifugo akiwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, simu mkononi, mbwa wangu amelala kwenye vigae mbele yake. Hakuinama. Hakuuliza hata jina lake. Sentensi iliyofuata ilikuwa bei ya sindano ya kumlaza moja kwa moja, na kwamba tukitaka wao wakauzike mwili kuna nyongeza.

Jina la kliniki naliacha. Iko Dar es Salaam, upande wa njia ya Bagamoyo, jengo zuri, kiyoyozi kinafanya kazi, pamesafishwa. Nayasema haya ili msidhani nimekuja kuponda tu. Lakini nimekasirika, na tangu masika yalipoanza hadi leo hasira haijanitoka.

Simba ni German Shepherd, ana miaka 11 hivi. Kwa mbwa wa umbo lake huo ni uzee, sibishi. Vijimbwa vidogo vinaweza kufika miaka 14 au 15 na bado vinabweka getini, ila hawa wakubwa huchoka mapema. Na hawa Wajerumani wana ugonjwa wao: nyonga. Walianza kuzalishwa kama aina rasmi huko Ujerumani mwaka 1899, mbwa wa kuchunga kondoo, wa kutembea kutwa nzima, na bado wengi huzaliwa na kichwa cha mfupa wa paja kisichokaa sawasawa kwenye tundu lake. Umri ukisogea gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, linasagika na mbwa anaanza kunyanyuka kwa shida. Hayo mimi mwenye mbwa nayajua. Sasa daktari je? Nilitegemea aulize ni aina gani, alianza lini kushindwa, anaumia zaidi akiamka au akishatembea. Hakuuliza lolote. Aliongeza tu kwamba "na macho nayo yameshakwenda, huyu haoni," akaandika diklofenaki kwenye kikaratasi, nikanunue duka la dawa la jirani, "imsogeze siku mbili tatu mkiwa mnajadiliana nyumbani."

Diklofenaki! Vidonge tunavyomeza sisi mgongo ukiuma! Kwa mbwa dawa hiyo inaweza kumtia vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, na figo zikaharibika. Aliyeniandikia ni mtu mwenye koti jeupe.

Kingine kilichonikaa rohoni ni mizani. Wanayo, ile pana ya chini ambayo mbwa anapanda mwenyewe, iko pale pale mapokezi, na juu yake wamepanga mifuko ya chakula cha mbwa cha kuuza. Mbwa mwenye nyonga mbovu, uzito ndiyo habari ya kwanza. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, walifuatilia Labrador 48 maisha yao yote. Waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao waliozaliwa nao, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Hakuna dawa ya dukani inayokupa hivyo. Halafu wao mizani wameifanya rafu ya bidhaa.

Ningeondoka pale moja kwa moja, leo ningewaambia wapeni sifuri na mpite mbali. Sikuondoka, kwa sababu ya binti mmoja.

Tulikuwa tunamnyanyua Simba na kijana wangu kumrudisha garini, akatokea daktari mdogo wa kike, wa pale pale, akaja mbio mpaka getini. "Shikamoo mama. Samahani, hiyo dawa aliyoandika msimpe. Naomba nimwangalie." Akapiga magoti kwenye changarawe. Yaani alipiga magoti! Nusura nilie.

Alianza na miguu ya nyuma. Akaukunja unyayo, sehemu ya juu ikagusa chini, akauacha hivyo na kusubiri. Simba akaurudisha papo hapo. Akafanya mguu wa pili, vilevile. Akanieleza kwamba Wajerumani wakizeeka wapo wanaopata ugonjwa wa uti wa mgongo, miguu ya nyuma inakufa taratibu bila hata maumivu, na mbwa huyo angeuacha unyayo umekunjika kwa sababu hana habari nao. Simba alikuwa na habari na unyayo wake. Kisha akaisogeza nyonga, na hapo mzee akageuza kichwa kumtazama. Inauma.

Macho: akachukua pamba, akaidondosha mbele ya uso wake kimya kimya. Macho yakaifuata mpaka chini. Ule ukungu wa bluu tunaouona kwa mbwa wazee, akasema, mara nyingi ni lenzi imekomaa kwa umri, si mtoto wa jicho, na mbwa anaendelea kuona. Kwa hiyo yule "kipofu" wa daktari mkubwa alikuwa anatazama pamba.

Halafu akainua mdomo, na ufizi ulikuwa mweupe kuliko unavyotakiwa. Akabonyeza matezi ya shingoni na nyuma ya magoti. Akauliza habari za kupe. Mvua zimenyesha, kupe wako kila mahali, hilo kila mwenye mbwa Dar analijua. Akatoa damu. Majibu yakarudi: chembe sahani, zile za kugandisha damu, ziko chini sana, ana ugonjwa wa kupe, vijidudu vinaitwa Ehrlichia canis, vinaletwa na yule kupe wa kahawia wa mbwa. Vinaleta homa, unyonge, na viungo kuuma. Mnyonge wangu alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wenyewe una dawa. Sasa fikirieni chembe za kugandisha damu zimeshuka, halafu ungemwekea na diklofenaki tumboni. Nikilifikiria hili mpaka leo mikono inanitetemeka.

Alipewa doksisaiklini kwa siku 28, imezwe na chakula. Dawa ya maumivu, kaprofeni, ambayo ni ya mbwa hasa, ilisubiri mpaka chembe zikapanda na figo na ini kuonekana ziko salama. Chakula aliniuliza, nikamwambia ugali wa dona, dagaa na utumbo wa kuchemsha. Akasema ugali upungue, dagaa waongezwe, na mchuzi wenye vitunguu asionjeshwe kabisa maana vitunguu vinavunja chembe nyekundu, na huyu damu hana. Tukate kucha. Tutandike mikeka kwenye vigae, mbwa wa nyonga akiteleza mara moja anajitonesha upya. Na mizani? Aliishusha ile mifuko mwenyewe, mmoja mmoja, akampima.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaamua kuwasifu. Kweli kabisa, nilishawaambia majirani kwamba pale pana mtu.

Mpaka siku ya kurudia vipimo. Simba ameshuka garini kwa miguu yake, yule daktari wa kwanza akapita, akamtazama, akasema, "Kumbe bado yupo?" Hakuna pole wala samahani. Na risiti nilipopewa ilikuwa na ada ya kumwona daktari mara mbili, ya binti na yake yeye, yeye ambaye hakumwona! Nikauliza mapokezi, nikaambiwa "mama, huo ndio utaratibu."

Sijasema mbwa wazee wasilazwe. Simba hatakaa milele, asubuhi bado anakakamaa, na ikifika siku anateseka bila namna nitampeleka mwenyewe na nitamshika kichwa. Lakini sindano inakuja baada ya mtu kuangalia, kugusa, kupima damu. Ninajua lipo Baraza la Veterinari, linalosimamia madaktari wa mifugo, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003, na barua nimeanza kuiandika, kisha naiacha, kwa sababu naogopa italipukia kliniki yote na yule binti ndani yake.

Mkiwa na mbwa mzee, nendeni, ila pigeni simu kwanza mhakikishe yeye yuko zamu. Asipokuwepo geuzeni gari. Na ile ada ya daktari wa mlangoni bado naidai.