Fundi saa wa Mwanjelwa, Mbeya: kazi safi ila jiandae kusubiri

Nianze na bei maana najua ndo mnachotafuta, 45,000 kwa kila kitu, kufungua, kusafisha, kutia mafuta na kifaa kilichokatika. Kuna jamaa kaniambia nimepigwa maana pale pale Mwanjelwa kwa elfu kumi unapata saa mpya ya betri na mkanda wa akiba juu, sawa, ila mimi nilipeleka Seiko 5 ya marehemu mzee wangu, ile aliyonunua Dar mwaka 98 akawa anaivaa mpaka shambani, kwa hiyo hatuongelei kitu kimoja.

Kisa chenyewe ni cha aibu kidogo. Mzee aliponikabidhi hii saa aliniambia neno moja tu, "usiguse tarehe kuanzia tisa mpaka nne." Mimi nikaelewa saa tisa usiku mpaka saa nne asubuhi, si ndo tunavyohesabu? Nikawa nafuata kabisa yani, mwezi wenye siku 30 ukiisha saa inaonyesha 31, basi nasubiri jioni nimeshakula, nimekaa vizuri, navuta kifungo cha pembeni narekebisha. Kumbe mzee alikuwa anasema namba za kwenye kioo! Tisa ya kwenye kioo usiku ndo saa tatu yetu, na nne yake ni saa kumi alfajiri. Kwa hiyo miaka yote nimekuwa naikimbia asubuhi ambayo karibu yote haina shida, narekebisha usiku, muda ule ule niliokatazwa.

Mei Mosi ya mwaka huu bahati ikaisha. Nimerudi, saa tatu na kitu usiku, baridi la Uyole mnalijua, naangalia tarehe ni 31, nikavuta kifungo hatua ya kwanza nikazungusha, ikawa ngumu, na mimi badala ya kuacha nikakaza. Ikalia "kak" kadogo hivi. Mishale inatembea, siku inabadilika kama kawaida, ila tarehe imeganda kwenye 1. Wiki nzima ni tarehe 1.

Kwanza nikapeleka duka moja mjini, silitaji, kijana akaiweka sikioni akaniambia betri inaelekea kuisha. Betri! Saa ya otomatiki, inayojijaza kwa mkono wako kutikisika! Nikachukua saa yangu nikaondoka taratibu kabla hajaifungua.

Ndo nikaelekezwa kwa huyu mzee wa Mwanjelwa. Ana meza ndogo yenye kasha la kioo, mwamvuli, na kale kalenzi kake ka jichoni ambako hakavui hata akikupa chenji. Shikamoo mzee, marahaba, akaichukua, hakuifungua, akaisikiliza kwanza, afu akaniuliza swali moja tu: uliigusa tarehe saa ngapi? Nikajua hapa nimefika.

Akanieleza, na hapa ndo nampa alama zote. Ndani kuna gia inayozunguka mara moja kwa siku nzima, ina kidole kidogo, na ikikaribia saa sita usiku kile kidole kinaanza kushika meno ya duara la tarehe kulisukuma. Hakilisukumi kwa mara moja, linakwenda taratibu kwa masaa, ndo maana kwenye mashine hii karatasi ya Seiko inasema usiguse tarehe kuanzia 9 usiku mpaka 4 alfajiri kwa hesabu ya kizungu. Wewe ukizungusha tarehe kwa kifungo muda huo unakuwa unalivuta duara wakati kidole kimelishika, mmoja lazima avunjike, na anayevunjika ni yule mdogo. Kwangu kidole ndo kilikatika.

Afu akaongeza kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Saa haijui nje kuna jua au giza, inajua mishale yake ilipo. Ukiiacha kabatini mwezi ikasimama kwenye kumi na dakika kumi, unajuaje ni ya asubuhi au ya usiku? Unaweza ukawa unakunywa chai saa mbili asubuhi, mwenzako ndani yupo usiku wa manane. Kwa hiyo unavuta kifungo mpaka hatua ya pili, unapeleka mishale mbele mpaka uone tarehe inaruka, hapo umejua ni saa sita usiku, unaendelea mpaka mshale mdogo ufike kwenye 6 chini kabisa, yani saa kumi na mbili asubuhi, afu unarudisha kifungo hatua ya kwanza unaweka tarehe ya leo, ndo unamalizia na saa yenyewe kwa kwenda mbele. Kama sahivi ni jioni inabidi mishale ipite saa sita mchana kwanza, usipopita hapo tarehe itakubadilikia mchana kweupe. Alinifanyisha mara tatu mbele ya wateja wengine kama mtoto wa darasa la pili, nikafanya.

Saa za kujaza kwa mkono, zile unazozungusha kifungo kila siku, nazo akazigusia kidogo. Vua mkononi kwanza, maana ukijaza ikiwa mkononi kifungo unakivuta kwa upande na kale kachuma kake kanapinda, na ukifika mwisho ikagoma, acha, usitafute raundi ya ziada. Ya kwangu hiyo haiihusu, mashine ni 7S26, kifungo chake hakijazi kabisa, unaitikisatikisa taratibu ndo inaamka. Alinipa na chaguo la kubadili mashine nzima aweke NH36 ambayo inajazwa kwa kifungo na mshale wa sekunde unasimama ukivuta, ukitaka kuoanisha na simu inakusaidia sana. Nikakataa. Mashine ya mzee ibaki ya mzee, akachomoa kifaa kwenye saa nyingine mbovu ya mashine hiyohiyo.

Sasa malalamiko. Aliniambia njoo Jumamosi, sikuuliza Jumamosi ipi. Nimekwenda Jumamosi tatu, ya pili hakuwepo kabisa na jirani yake muuza mikanda anasema "atakuja" tangu asubuhi mpaka nikachoka. Risiti hakuna, gwaranti ni neno lake. Vifaa vyako anaweka kwenye kikopo cha dawa kisicho na jina, na vikopo vipo kama ishirini, mimi roho ilikuwa juu nikamwomba aandike jina langu kwenye plasta abandike, akacheka lakini akabandika. Na kama una haraka usiende, kila mteja anapata somo lake mpaka mwisho na foleni hamna, ni nani kasogea karibu na meza.

Ila kazi ni kazi. Imerudi kioo kimeng'arishwa, tarehe inaruka, na nikilinganisha na simu inakimbia kama sekunde 12 kwa siku, ambazo kwa saa ya umri huu sina neno. Nilivyolipa nikamwambia ndaga fijo, yani asante sana kwa Kinyakyusa, akaniambia bado mtihani, tarehe 1 Julai.

Maana Juni ina siku 30. Hii shughuli ni mara tano tu kwa mwaka, Machi mosi, Mei mosi, Julai mosi, Oktoba mosi na Desemba mosi. Hiyo Julai mosi nimeamka nikaiangalia, inasema 31, mkono unawasha kuigusa, nikaiacha. Nimekuja kuirekebisha saa nne asubuhi nikiwa kwenye bajaji pale Mafiati, kifungo kikaenda laini kama siagi.

Ukimtafuta ingia kwa upande wa wauza mikanda na miwani, uliza mzee wa saa, watakuonyesha. Jumapili hayupo. Na ukienda usimwambie umeikaza kidogo tu, hakuamini.