TAHADHARI: Shokapu kuukuu zinapakwa rangi na kuuzwa kama mpya, na fundi wako anaweza kuwa ndani ya mchezo

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na uchungu, ila naomba kila mwenye gari asome, hasa kama gari yako inagonga mbele na fundi ameshakwambia "ni shokapu", ile nguzo ya mafuta inayozuia gari isidunde-dunde.

Gari yangu ni Toyota IST. Mvua za masika zilipomaliza kuchimba barabara yetu ya ndani kule Kinyerezi, Dar, ikaanza kugonga mbele kushoto. Ko, ko, ko. Mlio mkavu, wa chuma kwa chuma. Kwenye lami safi husikii kitu. Ukiingia kwenye mashimo kwa mwendo wa taratibu, unaanza. Kilichonichanganya ni matuta: matairi yote mawili ya mbele yakipanda tuta kwa pamoja, kimya kabisa. Hilo la matuta lishikeni, nitalirudia.

Nikaenda gereji moja Tabata. Fundi hakupiga jeki wala hakuingia chini ya gari. Alibonyeza boneti mara mbili akasema, "Bosi, shokapu zimekufa zote mbili. Ukiendelea hivi zitaua na boljointi," yaani kile kiungo cha duara kinachoshikilia gurudumu. Nikamuuliza mbona ni kavu, hazivuji mafuta. Akasema zimekufa ndani kwa ndani. Moyoni sikuridhika, lakini mlio hauna mahali pa kuushika, na mimi si fundi. Kitu kikivunjika unakiona. Mlio unauziwa kwa maneno, na anayeongea kwa kujiamini ndiye anayekula hela yako.

Tukaenda wote eneo la Gerezani kwenye maduka ya spea, kwenye duka alilosema analiamini. Kijana wa dukani akatoa maboksi mawili mapya yenye maandishi ya Kijapani, ndani shokapu nyeusi zinang'aa, zimefungwa nailoni. Jozi shilingi 260,000. Nilipolalamikia bei akaniambia, "Kaka, tuachie zako za zamani tukupunguzie 40,000. Sisi tunaziuza skrepa." Nikashukuru kabisa, nikaona kijana ana utu. Tukarudi gereji, fundi akafunga, nikamlipa ufundi 40,000, na zile za zamani zikachukuliwa na boda siku hiyo hiyo. Risiti niliyopewa ilikuwa karatasi ya kuandikwa kwa mkono, haina jina la duka, ina mhuri tu: mali ikishauzwa hairudishwi.

Kesho yake asubuhi, shimo la kwanza nje ya geti: ko, ko, ko. Nikampigia fundi. Akasema shokapu mpya lazima zizoee barabara kwanza. Nikasubiri zizoee.

Wiki ya tatu gari ikaanza kuyumba kama ngalawa. Ukikanyaga breki pua inazama, ukiachia inanyanyuka na kurudi chini mara mbili tatu. Jioni moja Barabara ya Mandela, mvua inanyesha, lori la mbele yangu likasimama ghafla. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote na gari ikaendelea kwenda mbali kuliko ninavyoijua. Nilisimama bampa kwa bampa. Watoto wangu wawili walikuwa kiti cha nyuma. Ndugu zangu, shokapu si kwa ajili ya kukaa vizuri tu. Ndiyo inayolikandamiza tairi lisiruke kutoka barabarani, na tairi likiwa hewani breki haina cha kushika.

Shemeji yangu ndiye aliyenipeleka kwa mzee mmoja fundi, Buguruni. Nikamwamkia, nikaanza kueleza habari za shokapu. Akanikatisha: "Mwanangu, usiniambie ni nini. Niambie inagonga wakati gani." Nikamwambia mashimo, mwendo mdogo, na kwamba kwenye matuta inanyamaza. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeshapata jibu, lakini hata hivyo hakuagiza spea. Aliiendesha mwenyewe. Kwenye mashimo alikanyaga breki kidogo tu; mlio haukubadilika, akasema basi si pedi wala kalipa, maana zikilegea ukigusa breki zinanyamaza. Tuliporudi akapiga jeki, akashika tairi juu na chini akatikisa: boljointi na beringi ziko imara. Akashika kushoto na kulia: tairodi, vile vyuma vya usukani, nazo imara. Akazungusha usukani gari ikiwa imesimama huku mkono wake ukiwa juu ya mauntini ya shokapu, pale inapofungwa kwenye bodi. Hakuna kitu.

Kisha akafungua linki za stebilaiza pande zote mbili, tukazunguka mtaa polepole sana, maana bila hizo gari inalala kwenye kona. Mashimo yale yale. Kimya.

Linki ni kijiti kifupi chenye boljointi ndogo kila mwisho, kinaunganisha fimbo ya stebilaiza na shokapu. Ya kushoto ilikuwa inacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Na siri ya matuta ikawa hiyo: magurudumu yote mawili yakipanda pamoja ile fimbo haijisokoti, kwa hiyo linki haivutwi. Gurudumu moja likitumbukia shimoni peke yake, fimbo inajisokota, linki mbovu inagonga. Jozi mpya nilinunua 55,000, na nilinunua Gerezani hapo hapo kwa muuzaji mwingine, akanipa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bila kuombwa. Waaminifu wapo. Toka siku hiyo gari haijagonga tena.

Sasa zile shokapu. Mzee alizishusha, ya kushoto ikiwa imelowa mafuta. Akakwangua rangi kwa bisibisi. Chini ya ule weusi kulikuwa na vishimo vya kutu. Kwenye kikombe cha springi kulikuwa na alama ya springi nyingine iliyokaa pale miaka. Chini kabisa kuna kidoti cha kuchomelea, akasema hapo ndipo walipotoboa wakajaza mafuta. Na ubavuni, yakatokea maandishi yaliyokwanguliwa kwa msumari: KUSHOTO. Neno la Kiswahili, chini ya rangi ya shokapu niliyoambiwa imetoka kiwandani Japani.

Mzee akaniuliza zangu za mwanzo ziko wapi. Nilipomjibu alikaa kimya kidogo, kisha akanieleza. Haziendi skrepa. Ndiyo mali ghafi yao. Zangu zilikuwa kavu, hazikuwa na tatizo lolote. Zinaoshwa, zinapakwa rangi, zinatiwa boksi, na fundi aliyeleta mteja anapata chake. Kwa hiyo nililipa, na juu yake nikawakabidhi shokapu nzima.

Nilirudi dukani. Kijana akasema hanijui, na ile karatasi haina jina. Fundi hapokei simu. Ningedai risiti ya EFD siku ile, leo ningekuwa na pa kushika, na sheria inamtaka muuzaji aitoe na mnunuzi aidai. Hata hivyo shokapu na maboksi yake vimo kwenye kiroba, na wiki hii navipeleka Tume ya Ushindani, FCC, wanaoshughulika na bidhaa bandia.

Ukienda kununua, itoe kwenye nailoni kabla hujalipa. Angalia ile rodi inayong'aa, isiwe na mkwaruzo wala doti ya kutu. Angalia nyuzi za nati juu kama zimeshawahi kufungwa. Ibonyeze chini: iende kwa uzito ulio sawa toka mwanzo hadi mwisho, na ya gesi ipande yenyewe taratibu ukiachia. Ikidondoka ghafla kisha ikashika, rudisha. Omba ukwangue rangi kidogo kwa sarafu sehemu ya chini. Akigoma, ondoka. Na spea za zamani zikifunguliwa, ziingie kwenye buti la gari lako, hata kama ni mbovu kweli.

Zangu bado sijazipata. Ya kulia kibano chake cha mpira wa breki kimepinda kuelekea ndani, nililigonga jiwe Kimara na sikuwahi kukinyoosha. Kama umenunua shokapu ya mbele ya IST hivi karibuni, nyeusi inayong'aa, na kibano kimepinda hivyo, niandikie hapa chini uniambie umeuziwa mtaa gani.