Cheti cha tabia njema cha PSV: kukipata nyota nne, kinavyotumika stegi nyota mbili

Nimetoka kurenyu beji ya PSV juzi tu, ile ya kufanya kazi kwa gari za abiria kama matatu, na cheti kipya cha polisi cha kuonyesha sina rekodi ya uhalifu ninacho mkononi, naandika hii maana madere wageni hapa Mombasa kila siku wanauliza na wengine wanaishia kulisha mabroka bure.

Kukipata siku hizi si noma. Unaingia eCitizen kwa akaunti yako, unajaza, unalipa, mimi nililipa 1,050 kwa M-Pesa, halafu unatoa invoisi na fomu ya C24 ya alama za vidole. Hiyo C24 kuweni macho nayo, lazima iprintiwe mbele na nyuma kwa karatasi moja, saiba niliyoenda kijana alinitolea karatasi mbili, namwambia ndugu yangu hii itarudishwa ananijibu eti zote ni sawa, mwisho akaprinti upya na bado akataka hela ya zote. Sitaitaja jina.

Vidole nilipigwa Huduma Centre. Afande anashika kidole, anakiviringisha kwa wino upande hadi upande kisha anakigandamiza kwa kisanduku chake, kimoja kimoja, na ukikaza mkono alama inatoka doa. Mimi aliniambia "legeza dere, hapa hakuna gia". Kama unashikashika injini osha mikono na sabuni ya unga kabla hujaenda, grisi inaharibu alama na wino nao utabaki kwa kucha hadi kesho. Cheti kikiwa tayari unakipakua mwenyewe. Hapo sina neno.

Sasa huku stegi, kwa kituo cha matatu. Hii kitu tuko nayo tangu sheria za marehemu Michuki, waziri wa uchukuzi wakati huo, zianze Februari 2004, pamoja na mikanda, gavana ya kuzuia gari kupita kilomita 80 kwa saa, sare ya buluu kwa dere na marun kwa makanga, yaani kondakta. Wenzangu wengi wanasema ni kunyanyaswa, mimi hapana. Kumbukeni ile ya basi la Githurai 2014, dada alivuliwa nguo na kuibiwa humo ndani, na 2017 korti ikahukumu kifo dereva, makanga na mtu wa petroli stesheni. Anayebeba watoto wa watu usiku lazima ajulikane ametoka wapi.

Lakini nani anabeba watu usiku? Si mimi mwenye beji. Dere anatoka alfajiri, akishapata hesabu ya tajiri, yaani pesa ya siku ya mwenye gari, anampa skwodi, dere wa kushikilia tu, usukani akalale, na skwodi stegi nzima tunamjua kwa jina la utani tu, hana beji, hana cheti, pengine hata leseni ni ya gari ndogo. Kwa hiyo yule aliyechunguzwa anaendesha mchana kweupe na asiyejulikana ndiye anarudisha akina mama nyumbani saa nne usiku, na kila mtu anajua, tajiri anajua, sacco, chama cha wenye matatu, inajua, karao wa polisi naye akisimamisha gari mambo yanaisha palepale barabarani.

Afu cheti kinaonyesha kile kilichofika kwa mafaili ya polisi tu. Namjua makanga alifukuzwa sacco moja kwa kupiga abiria, kesi haikuandikwa, akavuka barabara akaajiriwa sacco ya pili na cheti chake safi kabisa hakina hata nukta. Sacco hazipigiani simu. Ile niliyokuwa nayo kitambo walichukua fotokopi yangu wakatia kwa faili bila kuangalia hata tarehe.

Matajiri mnaosoma hapa, nyinyi ndio mnaweza, mwambieni dere asimpe mtu funguo kabla hamjaona cheti chake, na kama skwodi hana hela mlipieni hiyo 1,050 mkate pole pole kwa malipo yake. Tajiri wangu wa sasa alifanya hivyo, skwodi wawili wakapotea stegi wiki hiyo hiyo hawajaonekana tena, na wa tatu akaleta cheti.