Nendeni Kaya Kinondo, na saa ya mkononi muiache hotelini

Nimekaa wiki nzima najishauri niandike hii au niache, maana kuna mahali ukipasifu sana unaogopa watajaa watu wasiojua wanakanyaga nini, lakini wenye msitu wenyewe ndio walioamua kufungua njia kwa wageni na hela ya kiingilio ni yao, basi acha niseme. Nyota tano.

Kwa wasiopajua, Kaya Kinondo ni msitu mtakatifu wa Wadigo, uko Kwale, kusini ya Diani. Ukitoka Mombasa mjini unavuka feri Likoni, unapanda matatu ya Ukunda, ukishuka pale unachukua tuktuk au boda mnafuata barabara ya Diani kwenda kusini, mnapita Galu, mpaka Kinondo. Msitu wenyewe si mkubwa, hekta 30 hivi, umesimama juu ya mwamba wa matumbawe na bahari iko karibu kabisa. Hoteli tuliyolala ilitaka kutuuzia safari ya huko pamoja na gari na chakula cha mchana kwa bei iliyonifanya niulize mara mbili, tena yule kijana wa risepshen akatuhakikishia saa moja tu itakuwa imeisha turudi tuogelee. Tukamshukuru, tukaenda wenyewe, tukalipa pale pale kwa wenyeji, chini ya nusu ya ile bei, na tulikaa ndani zaidi ya saa mbili bila mtu kutukimbiza.

Nieleze kwanza nilienda nikiwa na hali gani. Mi nafanya kazi ya kliaringi, kuwatolea watu mizigo bandarini, hapa Mombasa na anayeijua hii kazi anajua wakati kwetu ni adui. Kontena limeshuka, siku za bure zimeanza kuhesabika, zikiisha storeji ya kuweka mzigo inapanda kila siku na demareji, faini ya kukawia na kontena, nayo inapanda, mteja anapiga simu usiku wa manane kama vile mi ndo nimeishika meli kwa mkono. Nilishafika mahali hata mvua ikinyesha naiona ni kitu cha kunichelewesha. Mvua! Na bibi yangu mzaa mama, Mdigo wa Tanga, alikuwa akisikia ngurumo anatoka nje anatabasamu.

Nilienda na binamu yangu aliyekulia Uingereza. Mwongozaji alitutumia meseji tufike "saa 3", binamu akaweka alamu ya alasiri, nikamwambia hapana mpenzi, ni saa ya tatu tangu jua lichomoze. Akanyamaza kidogo akasema kwa hiyo nyinyi saa yenu inaanza na jua? Nikamwambia ndio, na siku yetu inaanza jua likizama, ndo maana bibi alikuwa akisema usiku wa Ijumaa anakusudia Alhamisi baada ya magharibi. Yaani nimeyatamka hayo maneno maisha yangu yote lakini siku ile niliyasikia upya, nikiwa nimeshika simu yenye kalenda ya ofisi imejaa rangi nyekundu.

Sasa msituni. Kabla ya kuingia mnafungwa kaniki nyeusi kiunoni, wanaume kwa wanawake. Kofia unavua. Huchukui kitu, hata kijiti kikavu kilichoanguka chenyewe, hata jani. Hakuna kubusiana wala kushikanashikana, na kuna sehemu unaambiwa simu weka mfukoni, basi weka mfukoni usibishane. Halafu mwongozaji wetu, kaka wa hapo hapo kijijini, akasimama kwenye upenyo wa njia akapiga hodi. Hodi ya sauti, kama unavyobisha kwa shangazi yako, akatulia kidogo ndo tukaingia. Nilimuuliza kaka, unambishia nani? Akanijibu, "Wenyewe, dada. Tumekuja kwao."

Mijikenda, yale makabila tisa ya pwani, Wadigo wakiwemo, wana kaya nyingi kwenye hii pwani, toka Kwale mpaka Kilifi. Zilikuwa vijiji vyenye ngome ndani ya msitu, zilianza karne ya 16, na kufikia miaka ya 1940 watu walishaacha kuishi humo, ila makaburi yalibaki, fingo, ile kinga ya kaya, likabaki limefukiwa pale pale lilipofukiwa, na wazee wakaendelea kuutunza msitu kama nyumba ambayo wenye nyumba wamo ndani. UNESCO waliziingiza kaya kadhaa, Kinondo ikiwemo, kwenye urithi wa dunia 2008, na mwaka uliofuata wakaweka mila za kaya hizi kwenye orodha ya vitu vinavyotakiwa kulindwa haraka. Hiyo ya pili ndo inaniumiza. Miti unaweza kuizungushia sheria, lakini ile hodi asipobaki wa kuipiga itakuwaje?

Wengine watauliza na dini je. Wadigo wengi ni Waislamu, mwongozaji wetu mwenyewe alisali adhuhuri ilipofika, na bado anawaheshimu koma, wale wazee waliotangulia, na haoni kama kimoja kinakifukuza kingine. Sikuja kumfundisha dini mtu, nilikuja kusikiliza.

Kitu kilichonigeuza ni kuhesabu kwao. Kila nilipouliza "hii ilikuwa mwaka gani" alinijibu kwa mtu au kwa mti. Huu ulikuwepo babu yake babu akiwa kijana. Njia hii ilikatwa wakati wa yule mzee aliyezikwa kule. Nikamwambia lakini ni lini hasa, akasema "si nimekwambia dada". Na kweli alikuwa ameshaniambia, mimi ndo nilikuwa nasubiri namba. Akatueleza pia wiki ya Mijikenda zamani ilikuwa siku nne na kuna siku inaitwa Jumwa ambayo jembe haligusi shamba. Hebu fikiria, kila siku ya nne udongo unaachwa. Kwetu bandarini hakuna siku ambayo kitu chochote kinaachwa.

Kuna mti mmoja mkubwa wanakwambia uukumbatie, umwambie shida zako. Najua kuna watu wakisikia hivyo wanafunga ukurasa, ngojeni kidogo. Mi nilikuwa naona haya, binamu akatangulia, alivyorudi macho mekundu nikaenda. Gome lilikuwa la baridi, nikaegemeza paji la uso, na nilichokisema pale ni jina la bibi. Hakuna kilichojibu, upepo tu kule juu na mbega wanaruka, lakini nilisimama nikiwa na hisia ya kusimama mbele ya mtu mzima wa ukoo, yule ambaye humwambii kitu kipya maana ameshawaona wengi kama wewe wakija na vilio vyao. Shikamoo ilinitoka yenyewe. Mti ule ulikuwa umesimama hapo kabla hakujawa na hoteli hata moja Diani, na pembeni yake nilihisi mimi ni mtoto wa juzi, na hilo halikunitisha hata kidogo, lilinipumzisha.

Nikakumbuka mgodi wa titani wa Kwale, haukuwa mbali na hapo, ulianza 2013 ukamaliza kuchimba Desemba 2024. Miaka kumi na moja. Kwenye taarifa za habari ulikuwa unaitwa mradi wa muda mrefu. Mwongozaji akasema miaka kumi na moja ni mtoto hajabalehe.

Tulitoka karibu saa tano na nusu, na hapo alikuwa anaangalia mwanga anasema twendeni ufukweni maji yanamalizia kupwa. Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu, bamvua kabisa, yale maji yanayojaa sana na kupwa sana, bahari imekwenda mbali na kina mama wako kwenye mwamba na vyuma vyao wanatafuta pweza. Hapo nikarudi Tanga moja kwa moja. Bibi hakuwa na saa ukutani, alikuwa na bamvua na maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, alijua kila kukicha maji yanachelewa kidogo kuliko jana, kama dakika hamsini hivi, kwa hiyo kazi yake nayo ilihama na maji na chakula kikahama na kazi, na hakuna aliyemwambia amechelewa. Wavuvi wa zamani hata mwaka waliuhesabu kwa miongo, siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, siku 365 zote zimepangwa kufuata pepo za kaskazi na kusi. Hivi vitu tunavyo kwenye lugha yetu, tumeviacha kwenye vinywa vya bibi zetu tukaenda kununua apu za kutukumbusha kupumua.

Ya kuzingatia sasa. Vaeni viatu vilivyofunika maana mwamba una ncha na mizizi imejaa njiani, kwa mwenye shida ya magoti ni pagumu. Mbu wapo. Bebeni maji, na chupa mrudi nayo. Watoto nendeni nao ila muwaeleze masharti kabla, sio mkifika ndo muanze kuwafokea mbele za watu. Na usiende kama una ndege ya saa nane au mkutano jioni, utakuwa mwili uko kule na roho iko barabarani, utawasumbua na wenzako.

Nimeomba kurudi na mama yangu na wanangu wawili. Nilimtumia mwongozaji meseji nikamuuliza tarehe zipi ana nafasi, akanijibu tusubiri vuli ipite, njia iwe imekauka, tuje bamvua itakayofuata ili mama naye ateremke kwenye mwamba. Nimemwambia mama, akasema sawa, na ameshaanza kutazama mwezi.