Mbegu zilizolia kama kayamba

Nimezaliwa Muheza, mahali ambapo hata mtoto wa shule anajua kwamba mbegu ya limau hupandwa ikiwa bado ina utelezi wa tunda lake. Kwa hiyo nilipoagiza mtandaoni, hapa Ujerumani ninakoishi, mbegu 20 za Poncirus, yaani ule mchungwa wa majani matatu wenye asili ya China na Korea unaostahimili theluji, nilitarajia zije zimefungwa katika kitambaa chenye unyevu. Zilikuja ndani ya bahasha ya karatasi, zimekunjamana, na nilipoitikisa zililia kama kayamba.

Hata hivyo sikuzinyima haki yake. Niliziloweka usiku kucha, nikaziweka kwenye friji wiki kadhaa ndani ya mchanga wenye unyevunyevu, kwa kuwa mbegu hizi huota vizuri zikionjeshwa baridi kwanza, kisha nikazipanda. Ikaota moja. Nilipozifukua nyingine nilikuta maganda yenye ukungu.

Nilimwandikia muuzaji kwa adabu, nikaambatisha na picha. Jibu lake ndilo linalonifanya niandike haya: alisema kwamba watu waliotoka nchi za joto wana tabia ya kuzamisha mbegu kwa maji. Hakuuliza nilimwagilia kiasi gani, wala hakutaja bahasha yake. Mimi, ambaye babu yangu alikuwa akibebesha michungwa juu ya milimao tangu sijazaliwa, leo nifundishwe kumwagilia!

Siku hiyo niliapa kumpa nyota moja. Lakini sina budi kukiri kwamba ile mbegu moja ilitoa miche miwili, kwani mbegu za aina hii aghalabu hubeba viinitete zaidi ya kimoja, na majira ya baridi yaliyopita niliiacha nje kwenye roshani hadi nyuzi 7 chini ya sifuri. Ilipukutisha majani yote, nami nikaihesabu imekufa, mpaka nilipokwangua gome kwa ukucha nikaona kijani kibichi. Kwa furaha nikampandishia nyota hadi tatu.

Juzi ameniletea ujumbe akiomba nimsifu hadharani. Nimezirudisha zile nyota mbili nilizomwongezea, amebaki na moja. Miche ni mizuri, tena miiba yake imekwisha kunichoma vidole, lakini hilo ni la mti wenyewe, si lake. Msimu ujao nitatafuta tunda lililochumwa karibuni, maana vile vichungwa vyake vichungu vimejaa mbegu, na nitazipanda siku hiyo hiyo.