Uzoefu Wangu: Kliniki ya Miguu Ambayo Daktari Wake Hakuugusa Mguu Wangu

Nimeahirisha kuandika haya kwa muda mrefu nikitumaini kwamba hasira itapoa, lakini haijapoa, kwa hivyo naomba mnivumilie. Mwanzoni mwa mwaka huu, au labda ulikuwa mwishoni mwa mwaka uliopita, nilikwenda kwenye kliniki ya kibinafsi ya miguu hapa Nairobi, ambayo sitaitaja jina, nikiwa na kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilichokuwa kikijikata chenyewe taratibu. Nilitozwa ada ya kumwona daktari hata kabla sijaketi. Nilitoka humo bila daktari huyo kuugusa mguu wangu, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza, kwa sababu sakafu yao inang'aa, foleni yao si ndefu, na wengi watawasifu kwa hayo.

Chini ya kidole hicho, upande wa ndani, pale kinapoungana na wayo, palianza ufa mdogo, mkavu, usiotoa damu wala usaha. Miezi ilivyopita ufa ukawa mfereji, mfereji ukazunguka kidole chote, na sehemu ya mbele ikavimba ikawa kama mfuko uliofungwa kamba shingoni. Kidole kikaanza kulegea na kupinda upande. Mimi ni mwalimu, kazi yangu ni ya kusimama, na ilifika mahali nikawa naingia darasani na ndara kwa sababu kiatu cha kufunika kilinitoa machozi. Usiku ndio uliokuwa mbaya zaidi, kwani hata shuka ikikigusa ningeamka.

Basi nikaingia kwa daktari. Namwita daktari kwa heshima tu. Alikuwa kijana aliyevaa koti jeupe na hakujitambulisha. Nilivua ndara, nikaupandisha mguu kwenye kiti alichonionyesha, naye akabaki upande wa pili wa meza. Kisha akachomoa kalamu mfukoni, akahakikisha kifuniko chake kimebana, na kwa ncha ya kifuniko hicho akakielekeza kidole changu kwa mbali, bila kukifikia, akisema, "Mama, hii ni sukari." Nilimwambia kwamba nimewahi kupimwa sukari na haikuonekana. Akaagiza nipimwe tena hapo hapo, nikachomwa kidole cha mkono, na majibu yakatoka kuwa sukari yangu ni ya kawaida. Aliyatazama, akasema kwamba wakati mwingine sukari hujificha.

Hayo ningeyasamehe. Chumba chake kimetenganishwa na sehemu ya kusubiri kwa pazia tu, na pazia lenyewe halikuwa limefungwa. Akapaza sauti kana kwamba mimi ni kiziwi: "Mama, kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua ukoma?" Nikasikia kimya kikishuka kule nje. Niliporudi kwenye benchi kusubiri eksirei, mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mkoba wangu alimvuta mtoto wake, akamhamishia upande mwingine. Simlaumu yule mama. Aliyemtia hofu ni yule kijana, na hofu yenyewe haikuwa na msingi, kwa maana ukoma ni ugonjwa unaotibika kabisa kwa dawa, na dawa hizo hutolewa bure. Hata kama ningekuwa nao, sikustahili kutangazwa mbele ya watu.

Sasa nieleze kwa nini jambo la kutoguswa linanichoma kuliko maneno yake. Ukoma huua hisia kwenye mguu. Kisukari kinachofikia kuharibu vidole mara nyingi huwa kimekwisha kuharibu neva, au mishipa ya damu, au vyote viwili. Kwa hivyo mtu anayetaka kujua kama kidole kinakatika kwa sababu ya mojawapo ya hayo anaweza kuanza kwa kuweka vidole vyake juu ya mguu wa mgonjwa, kutafuta mpigo wa damu, na kisha kuona kama mgonjwa anahisi anapoguswa. Hiyo ni kazi ya dakika chache na haihitaji mashine. Mimi nilikuwa nahisi kila kitu, nilikuwa nahisi kupita kiasi, na mpigo wa damu ulikuwapo. Angeugusa mguu wangu angeyajua yote mawili, na maneno ya sukari iliyojificha na ya ukoma yangemwishia mdomoni. Badala yake alinipa mpako wa fangasi na kuniambia nirudi baada ya muda.

Niliutumia mpako huo kwa uaminifu huku mfereji ukizidi kuzama na sakafu yake ikaanza kuchubuka na kutoa maji. Ndipo dada yangu aliponichukua, karibu kwa nguvu, akanipeleka hospitali nyingine, kwa daktari wa upasuaji ambaye ni mama wa makamo. Huyu alivuta kiti chake akaketi chini usawa wa mguu wangu. Akauweka mguu kwenye mapaja yake. Akaweka vidole viwili juu ya mguu, akanyamaza akisikiliza mpigo, kisha akatafuta nyuma ya kifundo. Akaniambia nifumbe macho, akanigusa hapa na pale kwa uzi mwembamba wa nailoni, nami nikawa nasema "ndiyo" kila uliponigusa. Akautazama na mguu wa kulia, ambao sikuwa nimeulalamikia. Kisha akasema kwamba ninaugua ainhumu.

Ni ugonjwa adimu, nakubali, na hapa nataka kuwa mwenye haki. Utepe mgumu wa ngozi huota kwenye shina la kidole, karibu kila mara kidole kidogo cha mguu, ukakibana mwaka hadi mwaka mpaka mfupa unakonda, na mwisho kidole huanguka chenyewe. Madaktari huugawa katika hatua nne: mfereji, kidonda ndani ya mfereji, mfupa kuharibika, na kidole kukatika. Sababu yake haijathibitishwa. Kuna wanaotaja kutembea pekupeku na majeraha madogo madogo, na kuna wanaotaja urithi, kwa kuwa huonekana katika baadhi ya familia. Kwa hivyo siwezi kumtaka kila kijana aliyetoka chuoni awe ameuona. Lakini daktari da Silva Lima aliueleza kwa kina kule Bahia, Brazil, mwaka 1867, na tangu wakati huo imejulikana kwamba unawapata zaidi watu wenye asili ya Afrika, hasa walio kati ya miaka 30 na 50. Mimi ni Mwafrika, nina umri huo huo, nilikua nikitembea bila viatu kijijini, na niliingia kwenye kliniki iliyoandika mlangoni kwamba inashughulikia miguu. Kama si wao, ni nani katika mji huu wa Nairobi alipaswa kuujua?

Daktari wangu wa pili alinieleza kwamba ugonjwa ukiwahiwa, ule utepe hukatwa na ngozi kushonwa upya kwa mkato wa zigizagi ili usibane tena. Wangu ulikuwa umepita hapo, mfupa ulikuwa umechongoka, na kidole kikaondolewa kwa ganzi ya sehemu tu. Sasa natembea vizuri na usiku nalala. Nilimuuliza kama ningemfikia mapema kingepona, naye, kwa kuwa ni mtu mkweli, hakuniahidi. Kwa hivyo sisemi kwamba kliniki ile ilinikata kidole. Nasema ilinipotezea wakati ambao labda ungenifaa.

Na kuna msichana wa eksirei katika kliniki ile ile, ambaye lazima nimtaje kwa wema. Alikuwa amesikia yote kupitia pazia. Alinishika mguu kwa mikono miwili, akaulaza kwenye bamba na kusema, "Pole mama, niambie nikikuumiza." Picha aliyoipiga ilikuwa safi kiasi kwamba daktari wa upasuaji aliitumia na hakuhitaji nyingine, ilionyesha wazi mfupa ulivyokonda, na kijana wa kalamu alikuwa ameishika picha hiyo hiyo dirishani akasema mfupa uko sawa. Kwa ajili ya msichana huyo nilikuwa nimeamua kuwapa nyota mbili, na kuwashauri wenzangu waende pale kupiga picha tu, wachukue picha yao na kuondoka.

Hata hivyo, baada ya upasuaji nilipiga simu kwao. Sikutaka kurudishiwa pesa. Nilitaka tu yule kijana aambiwe jina la ugonjwa huu, ili mtu mwingine akifika na kidole kama changu asiulizwe habari za ukoma mbele ya watoto wa wenyewe. Aliyepokea simu alinijibu kwamba wagonjwa wengine hawajalalamika, na kama nina shida ya mguu nije nilipie tena nionwe. Nilikaa na simu mkononi nikitetemeka. Nyota mbili nimezifanya moja, na hiyo moja ni ya msichana wa eksirei peke yake.

Ugonjwa huu mara nyingi hushika miguu yote miwili, na chini ya kidole kidogo cha mguu wa kulia, upande wa ndani, ufa umeanza kuonekana. Utepe wake utakatwa safari hii ungali mwembamba. Tayari nimepewa siku. Daktari ameomba picha mpya ya mguu huo, nami nitaipiga kwingine, hata kama ni ghali zaidi na ni mbali na nyumbani.