Muvi za kutisha: The Conjuring au Insidious, ipi kali?

Huku Mwanga kila tukikaa kijiweni hii ligi haiishi, na zote kaziongoza jamaa mmoja, James Wan.

Kwa kutisha mi naipa Conjuring ya 2013. Familia inahamia nyumba ya shamba Rhode Island mwaka 1971, watoto wanacheza kujificha kwa kupiga makofi, mama kafungwa kitambaa machoni anafuata sauti, mara mikono miwili inatoka kabatini inapiga makofi na mtoto hayupo humo!! Niliiangalia usiku, umeme ukakatika palepale, nikasikia mtu anapiga makofi nje kumbe jirani anaua mbu, sikutoka kwenda chooni mpaka asubuhi.

Insidious ya 2010 yenyewe inakushika kwa stori. Yale maswali ya "si wahame tu?" humu wanahama kweli na balaa linawafuata, maana shida sio nyumba ni mtoto. Ila ikifika kule kwenye ulimwengu wa giza mi hofu ilipungua, nikaanza kuangalia mapambo.

Bando? Conjuring dakika 112, Insidious 103, hazipishani kihivyo.

Kama upo na wadogo zako weka Insidious, hata Marekani waliiruhusu kwa vijana kuliko mwenzie. Ukiwa kibanda umiza na washkaji Conjuring, kelele za watu zinanogesha. Ukiwa peke yako na umeme wa kubahatisha, chaji simu kwanza.